WINSTON CHURCHILL NA MTIHANI WA SANDHURST

Wengi wetu tumesoma habari za Winston Churchill, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza katika Vita Kuu ya Pili. Ni wachache wajuao kwamba alishindwa mara mbili kuingia chuo cha maofisa wa jeshi.

Churchill alizaliwa tarehe 30 Novemba, 1874. Baba yake, Lord Randolph, alikuwa mwanasiasa mkubwa aliyepata kuwa Waziri wa Fedha. Mtoto alipelekwa shule ya bweni ya Harrow. Huko alipenda historia na Kiingereza, lakini Kilatini na hesabu vilimsumbua sana. Baba yake akaamua aende jeshini.

Mwaka 1892 alifanya mtihani wa kuingia chuo cha Sandhurst, akaanguka. Mwaka huo huo akaujaribu tena, akaanguka tena. Ndipo alipopelekwa London kwa mwalimu ambaye kazi yake ilikuwa kuwatayarisha vijana kwa mtihani huo. Januari, 1893, akicheza mchezo wa kukimbizana, alijirusha kutoka darajani, akaumia figo, akalala kitandani majuma mengi. Alipopona alivirudia vitabu vyake, na mwezi wa Juni akaufanya mtihani mara ya tatu.

Safari hii alishinda, ila alama zake zilimpatia nafasi ya wapanda farasi, si ya askari wa miguu aliyoitaka baba yake. Kijana alimwandikia baba kwa furaha. Jibu lilikuwa barua kali ya kumlaumu kwa uvivu na kumwonya asije akawa mtu bure. Hata hivyo hakukata tamaa. Huko Sandhurst alijifunza ramani, ngome, mbinu za vita na kupanda farasi, na Desemba, 1894, alimaliza miongoni mwa waliofanya vizuri.

Lord Randolph alifariki tarehe 24 Januari, 1895. Mwanawe alipewa uofisa tarehe 20 Februari. Baba hakuiona siku hiyo.

Mwaka 1907, akiwa Naibu Waziri wa Makoloni, Churchill alifika Mombasa, akapanda gari moshi hadi Nairobi, kisha akaenda Uganda. Alikuwa mtetezi wa ukoloni, na kwa hilo hatumsifu. Mwaka 1940 akawa Waziri Mkuu. Alifariki tarehe 24 Januari, 1965, tarehe ile ile aliyofariki baba yake miaka 70 kabla.

Wenzangu wa Kidato cha Nne, tuangalie jambo moja. Churchill hakurudia mtihani kwa njia ile ile iliyomwangusha. Alipata mwalimu mwingine na namna nyingine ya kusoma. Nanyi wazazi wetu wapenzi, siku matokeo yatakapotoka, mkumbuke ile barua kabla ya kutuandikia zenu. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne