Profesa Odhiambo na Harufu ya Bwar

Ukiwa mwenyeji wa Kondele unajua jinsi mbu wanavyotutesa mvua ikinyesha na mitaro ikifurika. Nyanya yangu kule mashambani huchoma majani ya bwar jioni ili mbu watoroke. Mimi nilikuwa nikimcheka, ati hayo ni mambo ya kizamani. Nilikoma kucheka niliposoma habari za marehemu Profesa Thomas Risley Odhiambo.

Odhiambo alizaliwa Mombasa mwaka wa 1931. Alisoma Maseno, hapa karibu tu, halafu akaenda Makerere, Uganda. Baadaye alivuka bahari hadi Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, akapata shahada ya uzamifu mwaka wa 1965. Je, alichunguza nini? Wadudu! Hasa nzige wa jangwani.

Angeweza kubaki ng'ambo akila vinono. La hasha! Alirudi Nairobi kufundisha. Aliamini kwamba Mwafrika hawezi kukaa kitako akingoja wageni waje kumtatulia shida ya mbu, ndorobo na viwavi. Ndipo mwaka wa 1970 akaanzisha ICIPE, kituo cha kimataifa cha kuchunguza wadudu, akakiongoza hadi mwaka wa 1994. Kuanzia 1983 kituo hicho kilikuwa kikiwafunza vijana wa Afrika hadi kiwango cha uzamifu.

ICIPE ilijenga tawi Mbita, kando ya ziwa letu. Huko watafiti waliwauliza wanakijiji ni mimea gani inayofukuza mbu, kisha wakaijaribu ndani ya vibanda vyenye mbu hasa. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2002: bwar wa aina moja, akiwekwa tu ndani ya nyumba akiwa kwenye chungu, alifukuza karibu asilimia 40 ya mbu wa malaria.

Siri ni mafuta yaliyomo majanini. Ukifikicha jani, harufu unayosikia ni mafuta hayo yakiruka hewani. Wataalamu huyatoa kwa mvuke wa maji ya moto, wakaupoza, mafuta yakaelea juu ya maji. Kisha huyapima kujua yana nini. Bwar mwingine, anayelimwa kando ya msitu wa Kakamega, ana kafuri nyingi, na mafuta yake hutengenezwa dawa ya kupaka.

Kumbe nyanya hakukosea! Lakini piga hesabu, ndugu msomaji. Asilimia 40 ikitoroka, 60 inabaki. Mwaka jana tulitegemea moshi tukaacha neti, na mdogo wangu akaugua malaria hadi tukakata tamaa. Bahati nzuri alipona. Hapo ndipo nilipoelewa kazi ya Odhiambo: si kuwadharau wazee wala kuwaamini tu, bali kupima.

Profesa alifariki mwezi wa Mei mwaka wa 2003, kabla sisi hatujazaliwa. Tawi la Mbita sasa linaitwa kwa jina lake. Basi wewe unayeikimbia Kemia kama simba, rudi darasani. Na usiku, bwar awe mlangoni, neti iwe kitandani. Mola amlaze pema Profesa wetu.