Al-Imam Abu Hanifa, Mwenye Duka wa Kufa

Mama mmoja wa Mraru, upande wa Voi, ametuletea suala ambalo tumeona halifai kujibiwa kwa mstari mmoja. Alinunua jora la kitambaa katika duka moja mjini, akarudi nalo kwake. Usiku alipolikunjua akaliona katikati limetoboka-toboka. Asubuhi yake akatoa nauli mara ya pili akalirejesha. Mwenye duka hakuyakanusha yale matundu. Alimwonyesha tu maneno yaliyopigwa chapa chini ya stakabadhi, kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Mama anauliza kama maneno yale yana nguvu mbele ya sharia.

Watu wa Mraru wanaijua thamani ya safari moja ya Voi. Wanawake wao ndio waliochangishana katika miaka ya 1970 hata wakanunua basi lao wenyewe, kwa kuwa mabasi ya watu wengine yalikuwa yakiwapita yamejaa. Na maneno ya stakabadhi ile hayako Voi peke yake. Tunayaona katika maduka ya miji yetu ya Pwani, na maduka ya Waislamu wenzetu yamo. Basi tumependa kumjibu mama huyu kwa kusimulia maisha ya mtu aliyekuwa imamu na mwenye duka kwa pamoja.

Huyo ni al-Imam Abu Hanifa, Mwenyezi Mungu amrehemu. Jina lake khasa ni Nuuman bin Thabit. Amezaliwa Kufa, katika nchi ya Iraki, mwaka wa 80 wa Hijra, nao ni mwaka wa 699 wa Miladi. Babu yake, kama wasemavyo wengi, asili yake ni Kabul. Sisi wa Pwani tu Mashafii, lakini Wahindi wengi tunaoswali nao safu moja Mombasa wanafuata madhehebu yake, wala hapana Mwislamu ambaye Imamu huyu ni mgeni kwake.

Ujana wake ulipita sokoni. Alikuwa akiuza khazz, nayo ni nguo ya sufu iliyochanganywa na hariri, na duka lake lilikuwa mashuhuri katika Kufa. Mwanachuoni Shaabi ndiye aliyemwona kijana huyu akienda na kurudi sokoni, akaitambua akili yake, akamhimiza aingie katika elimu. Akaingia, akakaa mbele ya Hammad bin Abi Sulayman kiasi cha miaka 18, na Hammad alipofariki mwaka wa 120 yeye ndiye aliyeshika nafasi ya kusomesha. Lakini duka hakulifunga. Faida yake aliitumia kuwasaidia masheikh na wanafunzi mafakiri. Na Abu Yusuf, ambaye baadaye alikuwa Kadhi Mkuu wa Baghdad, alisoma kwa msaada wake. Wale wadhanio kuwa mwanachuoni hana budi kuishi kwa sadaka za watu na waifikirie khabari hii.

Imepokewa kwamba siku moja alikuja mwanamke dukani na nguo ya hariri ya kuuza, akaitakia dirhamu 100. Imamu akamwambia nguo yake yazidi hapo. Mwanamke akapandisha bei mara baada ya mara mpaka 400, na Imamu bado anasema yazidi. Yule mwanamke akadhani anafanyiwa mzaha. Akaambiwa amlete mtu wa kuithamini, na mwisho wake Imamu akainunua kwa dirhamu 500. Tunawauliza wafanya biashara wetu: ni nani leo atakayempandishia bei mtu asiyejua thamani ya kitu chake?

Lakini khabari iliyo karibu zaidi na suala letu ni ile ya mshirika wake, Hafs bin Abdulrahman. Imamu alimpelekea shehena ya nguo akauze, akamjulisha kwamba nguo fulani ina ila, asiiuze ila aibainishe kwanza kwa mnunuzi. Hafs akauza nguo zote, akasahau kuitaja ile ila, wala hakumjua tena aliyeinunua. Khabari ilipomfikia Imamu hakutosheka na kuitoa thamani ya nguo ile moja. Alitoa sadaka thamani ya shehena nzima. Aliona kuwa fedha isiyo halali imechanganyika na iliyo halali, na mwenye haki hapatikani arejeshewe.

Na tuitazame sasa hukumu yenyewe. Wanachuoni wameafikiana kwamba mnunuzi aliyekuta katika kitu ila ya zamani, iliyokuwamo kabla hajakipokea, naye hakuijua, ana khiyari: akipenda atakirejesha na kupewa fedha yake, na akipenda atabaki nacho. Vilevile wauzianao waweza kushurutishana muda wa kufikiri, nao kwa Abu Hanifa na kwa Shafii hauzidi siku tatu. Abu Hanifa akazidisha kwamba anunuaye kitu asichokiona ana khiyari atakapokiona, hata kama hakina ila yoyote. Wanaonunua siku hizi kwa picha ya simu na waijue hukumu hii.

Hapa pana jambo ambalo si uaminifu kulificha. Katika madhehebu ya Abu Hanifa, muuzaji akishurutisha waziwazi kwamba yeye amejitoa katika kila ila, na mnunuzi akakubali, basi sharti hilo lapita na kitu hakirejeshwi. Maana yake ni kwamba Imamu huyu kwa fat-wa yake angaliweza kujikinga kwa sharti moja tu, na duka lake likasalimika. Asifanye hivyo! Aliijua ila, akaamrisha ibainishwe, na iliposahauliwa akaitoa mali yote. Mwenye duka atakayeitegemea fat-wa ya Abu Hanifa na autazame mwendo wa Abu Hanifa.

Ama sisi Mashafii hata mlango huo haukufunguliwa kwetu. Sharti la kujitoa katika ila halimsalimishi muuzaji, isipokuwa katika ila iliyofichika ndani ya mnyama, ambayo muuzaji mwenyewe hakuijua. Jora la kitambaa si mnyama. Basi maneno ya stakabadhi hayambatilishii mama wa Mraru haki yake. Sharti lililo juu yake ni kurejesha upesi bila ya kuchelewa pasipo udhuru, naye amerudi asubuhi yake. Lau angalikwisha kulikata gauni, asingaliweza kumlazimisha mwenye duka kulipokea, ila angalidai kipunguo cha thamani. Na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 46, nayo imempa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora wa kadiri na fidia ya khasara itokanayo na kasoro.

Aliyenunua kitu kizima kisha akajuta, kama viatu visivyomwenea mtoto, hukumu yake ni nyingine. Wakiwa bado hawajaachana mahali walipouziana, kwa Shafii kila mmoja ana khiyari ya kuvunja. Wakishaachana, mwenye duka halazimiki. Lakini akikubali kuivunja biashara, jambo hilo ni katika wema uliosifiwa na Mtume, naye atarejesha thamani ile ile. Abu Hanifa amesema kwamba hata wakishurutishana kurejesha pungufu, na kitu hakikuharibika, sharti hilo halizingatiwi. Wanaokata sehemu ya kumi kwa jina la gharama na walisikie hilo.

Mwisho wa maisha yake ulikuwa wa mateso. Ibn Hubayra, gavana wa Iraki wa Bani Umayya, alimtaka ashike kazi, akakataa, akapigwa mijeledi. Khalifa Mansur wa Bani Abbas naye akamtaka awe kadhi, akakataa tena, akafungwa. Akafariki Baghdad mwaka wa 150, nao ni mwaka aliozaliwa Imamu wetu Shafii. Kaburi lake liko mtaa uitwao Adhamiyya kwa ajili yake. Na hukumu zake za khiyari ziliandikwa na dola ya Kituruki katika Majalla, sharia iliyotungwa baina ya 1869 na 1876, zikahukumiwa katika mahakama za nchi nyingi.

Mama wa Mraru bado hajapewa fedha yake tunapoandika haya. Jora liko kwake, halikukatwa. Amekusudia kwenda tena Voi Jumatatu, na mmoja wetu atakuwa pamoja naye.