Askofu mkimbizi aliyewapa watoto kitabu cha picha

Jina la Jan Amos Comenius halisikiki sana katika makanisa yetu. Hata hivyo, mtoto anayefungua kitabu na kukuta picha ya mbuzi na neno lake pembeni anafuata njia ambayo mtumishi huyu alisaidia kuifungua.

Alizaliwa tarehe 28 Machi 1592 huko Moravia, katika nchi inayoitwa leo Jamhuri ya Cheki. Wazazi wake walifariki angali mtoto, akalelewa na watu wa ukoo. Alipoingia shule ya Kilatini alikuwa na miaka 16. Alikuta wadogo wakikaririshwa maneno wasiyoyaelewa na kuchapwa fimbo wakikosea. Yeye alikuwa mkubwa kiasi cha kuona kwamba kosa halikuwa la watoto.

Mwaka 1616 aliwekewa mikono kuwa mchungaji katika Umoja wa Ndugu, kanisa lililotoka kwa wafuasi wa Jan Hus. Mwaka 1618 akatumwa Fulnek kuchunga kundi na kuangalia shule, na mwaka huohuo vita vya Miaka Thelathini vikaanza. Akalazimika kujificha. Mwaka 1622 tauni ikamchukua mke wake na watoto wawili. Mwaka 1628 akavuka mpaka pamoja na waumini wake, wakapokelewa Leszno, nchini Poland. Aliyewahi kukimbia na mzigo kichwani hahitaji kuelezwa zaidi.

Ni katika ukimbizi huo alipoandika kitabu kwa ajili ya wazazi. Kwake, shule ya kwanza ni mapaja ya mama, nayo inaendelea mpaka miaka sita. Mtoto ajue kwanza vitu vyenyewe: maji, moto, mvua, ng'ombe, mkono wake mwenyewe, na aseme majina yake vizuri. Kisha apewe chaki achore nukta, mistari na viduara anavyotaka, kama mchezo tu, ili mkono uzoee kabla herufi hazijafika. Kwa maskini alisema kipande cha makala kinatosha. Tena aliwakemea wazazi wanaomtishia mtoto kwa jina la mwalimu, kwa maana huyo ataingia darasani akiwa na hofu tayari. (Ni wangapi kati yetu hatujafanya hivyo?)

Miaka ya 1650 hadi 1654 alifundisha Sárospatak, Hungaria, na huko akatayarisha kitabu chake kinachojulikana kuliko vyote, Orbis Pictus. Kina picha 150 hivi. Kila kitu kwenye picha kina namba, na namba hiyohiyo iko kwenye maandishi, hivyo mtoto anaangalia, anatafuta, anasoma. Mwanzoni kuna alfabeti ya sauti: kunguru analia na mtoto anapata A, mwanakondoo analia na anapata B, nyoka anatoa sauti ya S. Mtoto alikuwa akizijua sauti hizo tangu nyumbani. Kilichobaki ni kumwonyesha alama zake. Mafundi wa kuchonga picha hawakupatikana huko, kwa hiyo kitabu kikasubiri mpaka 1658, kikachapwa Nuremberg kwa Kilatini na Kijerumani.

Katikati ya kungoja huko, mwaka 1656, Leszno ikachomwa moto. Comenius, sasa askofu wa kanisa lililotawanyika, alipoteza nyumba, vitabu, na kamusi ya Kicheki na Kilatini aliyoifanyia kazi zaidi ya miaka 40. Akakimbilia Amsterdam, akafia huko mwezi wa Novemba 1670, akazikwa Naarden. Kwao hakurudi tena.

Kamusi ile haikuandikwa upya. Lakini kitabu cha watoto kiliendelea kuchapwa katika lugha nyingi, na miaka mia moja baadaye mtoto mmoja wa Frankfurt, Goethe, ambaye angekuja kuwa mwandishi mkubwa wa Kijerumani, alikuwa akikifungua nyumbani kwao.