Jerry Lawson, mhandisi aliyefanya mchezo wa video uwe kitu cha kushika mkononi

Tarehe 9 Aprili 2011, katika mji wa Mountain View, jimbo la California nchini Marekani, mzee mweusi wa miaka 70 aliaga dunia baada ya kusumbuliwa kwa muda mrefu na ugonjwa wa kisukari. Jina lake kamili lilikuwa Gerald Anderson Lawson, lakini wengi walimwita Jerry. Vijana wengi waliokuwa wameshika maneti siku ile hawakuwahi kusikia jina lake. Hata hivyo, kila mtu aliyewahi kuingiza kaseti au CD ya mchezo ndani ya mashini, akaicheza, akamwazima rafiki, kisha akaiuza alipoichoka, alipita katika njia ambayo mzee huyu na wenzake waliifungua mwaka wa 1976.

Leo njia hiyo inazidi kuwa nyembamba. Michezo mingi inauzwa kwa intaneti peke yake, na mnunuzi hapati kitu chochote cha kuweka kwenye kabati. Ndiyo maana ni vizuri kukumbuka maisha ya mtu huyu, na kujua kwa nini kuna watu hadi leo wanaosema kwamba mchezo usioweza kuushika si wako.

Mtoto wa Queens

Jerry Lawson alizaliwa tarehe 1 Desemba 1940 huko Brooklyn, New York, na kukulia katika eneo la Queens, kwenye nyumba za serikali zilizojengwa kwa familia za kipato kidogo. Baba yake alipakia na kupakua mizigo bandarini, lakini alipenda sana kusoma vitabu vya sayansi. Babu yake alikuwa amesomea fizikia, ila kwa sababu ya rangi ya ngozi yake hakupata kazi ya elimu hiyo. Akaishia kufanya kazi ya posta. Mama yake alikuwa mtumishi wa mji. Alifuatilia masomo ya mtoto wake kwa ukali: kabla ya kumwandikisha shuleni, alikwenda mwenyewe kuongea na walimu ili ajue kama wanafundisha vizuri.

Katika mwaka wa kwanza wa shule ya msingi, mwalimu wake alitundika karibu na meza yake picha ya George Washington Carver, mwanasayansi mweusi aliyezaliwa utumwani na kuja kujulikana kwa utafiti wake juu ya karanga na mimea mingine. Mtoto alielewa kwamba yeye pia anaweza kuwa mtu wa sayansi, na baadaye maishani Lawson aliitaja picha ile kama jambo lililompa mwelekeo.

Alipofika miaka 13 alikuwa tayari na leseni ya redio ya mawasiliano, na kituo kidogo alichokiunga mwenyewe chumbani kwa vipande alivyonunua madukani. Alipokuwa kijana alipata makuta yake kwa kutengeneza televisheni za watu mtaani. Alisoma kwa muda katika Queens College na City College ya New York, lakini hakumaliza wala kupata diploma ya chuo kikuu. Mengi aliyoyajua aliyapata kwa kufungua mashini, kuangalia ndani na kuzifunga tena.

Mchezo uliozaliwa gareji

Baada ya kufanya kazi katika kampuni kadhaa za elektroniki, mwaka wa 1970 aliingia Fairchild Semiconductor, kampuni kubwa ya chipu huko California, katika bonde lililokuja kuitwa Silicon Valley. Kazi yake ilikuwa kuwasaidia wateja watumie vizuri chipu walizonunua. Wakati ule wahandisi weusi pale walikuwa wachache mno. Watu waliozoea kuongea naye kwa simu walishangaa walipokutana naye kwa mara ya kwanza, kumbe ni mtu mweusi, tena jitu refu la karibu mita mbili. Alikuwa pia mmoja wa watu weusi wawili tu katika Homebrew Computer Club, kikundi cha wapenda kompyuta ambamo walipita pia vijana walioanzisha Apple.

Kazini alifanya ya mwajiri, lakini nyumbani, ndani ya gareji yake, alitengeneza mchezo wa magari yanayogongana, wa kuchezwa kwa kutumbukiza sarafu, akauita Demolition Derby. Ndani yake aliweka mikroprosesa ya Fairchild iliyoitwa F8. Ulikuwa mmoja wa michezo ya kwanza ya aina hiyo kuendeshwa na mikroprosesa. Habari zikafika kwa wakubwa wake. Badala ya kumwadhibu, walimwomba afanye kazi hiyo hiyo kwa ajili ya kampuni, na hatimaye wakamkabidhi uongozi wa kitengo cha michezo ya video.

Shida ya mashini za zamani

Ili tuelewe kazi aliyopewa, tukumbuke hali ilivyokuwa. Mashini ya kwanza ya mchezo wa kuunganishwa na televisheni ya nyumbani, Magnavox Odyssey, ilitoka mwaka wa 1972. Ilikuwa na kadi za kubadilisha, lakini kadi hizo hazikubeba programu yoyote. Ziliunganisha tu nyaya kwa namna tofauti ndani ya mashini. Baadaye Atari ikaleta Pong majumbani, mchezo wa tenisi wenye vijiti viwili na nukta inayoruka. Katika mashini za namna hiyo mchezo ulikuwa umefungwa moja kwa moja katika nyaya za ndani. Ukiuchoka mchezo, basi umeichoka mashini nzima.

Wahandisi wawili wa kampuni ndogo ya Alpex, Wallace Kirschner na Lawrence Haskel, walikuwa na wazo la kutenganisha vitu hivyo viwili: mashini ibaki pale pale, na mchezo ukae katika kipande kinachotolewa na kuingizwa. Fairchild ikamtuma Lawson aende kuangalia, kisha ikanunua haki ya kulitumia wazo hilo. Kwa hiyo si sawa kusema Lawson aliota kila kitu peke yake. Sifa yake ni kwamba yeye na wenzake walikitoa kitu kile kwenye meza ya majaribio na kukifanya kifae kwa mikono ya watoto.

Kazi hiyo haikuwa rahisi. Kipande cha elektroniki ambacho mhandisi anakichomeka kwa uangalifu ni tofauti kabisa na kile ambacho mtoto wa miaka minane atakisukuma na kukivuta mara mia, kwa mikono michafu, huku akibishana na ndugu yake. Vidole vya chuma visilegee. Umeme unaojikusanya mwilini mwa mtu usiue chipu. Ron Smith alishughulikia sehemu za kimakanika, Nick Talesfore akachora umbo la mashini na la kaseti, na Lawson akasimamia elektroniki na kazi yote kwa jumla. Matokeo yalikuwa kaseti ya plastiki ya rangi ya manjano, inayofanana na kaseti kubwa za muziki ambazo Wamarekani wa wakati ule walitumia ndani ya magari.

Kulikuwa pia na serikali. Tume inayosimamia mawasiliano nchini Marekani ilikuwa kali kuhusu mashini zinazoweza kuvuruga picha za televisheni za majirani. Lawson alieleza baadaye kwamba kila kaseti mpya ilibidi ipelekwe kupimwa na kupata kibali, na kwamba sehemu za ndani za mashini zilifunikwa kwa chuma ili mawimbi yasitoke.

Novemba 1976

Mashini ilifika madukani Novemba 1976. Jina lake la kwanza lilikuwa Video Entertainment System, likabadilishwa baadaye kuwa Channel F. Iliuzwa dola 169.95, ikiwa na michezo miwili ya ndani, tenisi na hoki. Kila kaseti iliuzwa dola 19.95 na kupewa namba yake. Kulikuwa pia na kitufe cha kusimamisha mchezo kwa muda, jambo ambalo leo tunaliona la kawaida.

Tangu siku ile mchezo wa video ukawa kitu. Mtu angeweza kununua mashini leo, akanunua kaseti mwezi ujao, akapewa nyingine siku ya kuzaliwa kwake, akabadilishana na jirani, akauza alizozichoka. Kampuni zilipata biashara mpya ya kuuza michezo bila kuuza mashini upya, na mnunuzi naye alipata mali.

Lakini kwa Fairchild mambo hayakwenda vizuri. Septemba 1977 Atari ilitoa mashini yake ya kaseti, ile iliyokuja kujulikana kama Atari 2600, yenye michezo iliyopendwa zaidi. Atari iliuza mashini karibu milioni 30. Channel F haikukaribia hata kidogo. Mwaka wa 1979 Fairchild ilijitoa katika biashara hiyo na kuiachia kampuni ya Zircon. Aliyefungua njia si yeye aliyevuna.

Kampuni yake mwenyewe

Mwaka wa 1980 Lawson aliondoka Fairchild na kuanzisha Videosoft, mojawapo ya kampuni za kwanza za michezo ya video kumilikiwa na mtu mweusi. Iliandaa michezo ya Atari 2600, yaani mashini ile ile iliyoishinda Channel F. Bahati haikuwa upande wake. Mwaka wa 1983 soko la michezo nchini Marekani lilianguka vibaya, maduka yakajaa kaseti zisizo na wanunuzi, na kampuni nyingi ndogo zikafunga milango. Videosoft ilikuwa miongoni mwa hizo.

Hapa kuna jambo la kuangaliwa kwa makini. Baadhi ya michezo ya Videosoft haikuwahi kuuzwa wakati ule. Lakini nakala za majaribio zilibaki mikononi mwa watu, na miaka mingi baadaye wapenda michezo ya zamani walizipata na kuzichezesha tena. Kampuni ilikufa, kaseti zikabaki.

Lawson aliendelea na kazi za ushauri. Katika miaka yake ya mwisho kisukari kilimnyima mguu mmoja na kuona kwa jicho moja. Machi 2011, chama cha kimataifa cha watengenezaji wa michezo kilimpa heshima kama mmoja wa waanzilishi wa fani hiyo. Ilibaki kiasi cha mwezi mmoja tu wa uhai wake. Heshima nyingine zilikuja akiwa kaburini: mwaka wa 2021 mfuko wa kusaidia wanafunzi weusi na wa asili wanaosomea michezo ya video ulianzishwa kwa jina lake katika Chuo Kikuu cha Southern California, na tarehe 1 Desemba 2022 Google ilimkumbuka kwenye ukurasa wake wa kwanza.

Nani mwenye mchezo?

Ndugu msomaji, swali ambalo kaseti ya manjano ililijibu mwaka wa 1976 limerudi tena. Anayenunua mchezo kwa intaneti, mara nyingi hanunui mchezo wenyewe. Anapewa ruhusa ya kuucheza. Ruhusa hiyo hawezi kumwazima rafiki, wala kuiuza, wala kumwachia mtoto wake. Tarehe 27 Machi 2023 Nintendo ilisimamisha mauzo katika maduka yake ya intaneti ya mashini za 3DS na Wii U, na michezo mingi iliyouzwa humo peke yake haikuweza kununuliwa tena. Mwaka huo huo, shirika la Video Game History Foundation lilionyesha kwamba asilimia 87 ya michezo ya zamani iliyotolewa Marekani haipatikani tena madukani. California, jimbo alikofia Lawson, ilipitisha sheria iliyoanza kutumika Januari 2025: muuzaji wa intaneti asiseme mtu ananunua bila kumweleza wazi kwamba anapata leseni tu.

Haina maana kwamba intaneti ni mbaya. Imewawezesha watengenezaji wadogo kuuza kazi zao bila kiwanda wala meli, na CD hukwaruzika. Wala CD si kinga ya kila kitu: Ubisoft ilipozima seva za mchezo wa The Crew mwishoni mwa Machi 2024, hata wenye CD walibaki na plastiki isiyochezeka, kwa sababu mchezo ule haukuweza kuendeshwa bila intaneti.

Lakini mchezaji wa Goma, Bukavu au Bunia anaelewa upesi tofauti iliyopo. Mchezo mmoja wa leo unaweza kufika gigabaiti mia moja. Hesabu mwenyewe mega zitakazokwisha, na kumbuka kwamba duka la intaneti linataka kadi ambayo watu wengi hawana. CD iliyotumika inalipiwa franga taslimu, inaazimwa mtaa mzima, na umeme ukirudi inaendelea kufanya kazi hata kama intaneti imekatika.

Fairchild ya wakati ule haipo tena, Videosoft haipo, na Lawson amelala. Lakini Channel F iliyotunzwa vizuri bado inawaka leo, karibu miaka 50 baadaye. Ukiingiza kaseti ya manjano, mchezo unaanza, bila kuomba ruhusa kwa mtu yeyote.