Tabibu Aliyemwuliza Topasi Hali Yake

Wako watu ambao sisi sote hufaidika na jasho lao kila siku bila ya kujua hata majina yao. Wazoa taka ni katika hao. Asubuhi tunakuta pipa limekwisha pakuliwa na njia imekwisha fagiwa, na jambo hilo tunaliona la kawaida kama vile kuchomoza kwa jua. Siku wasipokuja ndipo tunapowakumbuka, na aghalabu huwakumbuka kwa lawama. Kwa ajili hiyo leo tumeona inafaa tuwasimulie wasomaji wetu maisha ya tabibu mmoja wa zamani aliyemtazama usoni mtu wa kazi kama hiyo, akamwuliza hali yake, na kwa swali lile akaibadili elimu ya utabibu.

Tabibu huyo ni Bernardino Ramazzini. Alizaliwa mwaka 1633 katika mji mdogo wa Carpi, kaskazini ya Italia. Alisoma falsafa na utabibu katika Chuo Kikuu cha Parma, akahitimu mwaka 1659. Baada ya kujiendeleza mjini Roma, alikwenda kutibu watu katika vijiji vya upande wa Viterbo. Huko alipatwa na malaria iliyomdhoofisha hata ikambidi arudi kwao. Sisi watu wa visiwani hatuna haja ya kuelezwa maana ya homa hiyo. Mwaka 1671 alihamia Modena, na chuo kikuu cha mji ule kilipofufuliwa, Ramazzini alichaguliwa kuwa mwalimu wa utabibu.

Modena ya siku zile ilikuwa na watu wengi, na nyumba zake zilikuwa ndefu na zimesongamana. Ilikuwa desturi mashimo ya vyoo vya majumbani kutapishwa kila baada ya miaka mitatu. Siku moja zamu ikafika nyumbani kwake Ramazzini. Alipokuwa akiangalia kazi ile, alimwona topasi mmoja akichota uchafu kwa pupa na wasiwasi mwingi, kama mtu anayefukuzwa. Akamhurumia, akamwuliza kwa nini hafanyi kazi taratibu ili asichoke upesi. Yule mtu akainua macho kutoka shimoni, akamjibu kuwa asiyeingia mle hawezi kuyajua ya mle, na kwamba mtu akizidisha saa nne ndani ya shimo ni sawa na kupofuka.

Wengi wetu tungelisikia jibu hilo, tukatikisa kichwa na kuingia ndani kula chakula chetu. Ramazzini alimngoja topasi atoke shimoni, akamchunguza macho, akayaona mekundu na yenye ukungu. Akamwuliza wenzake hujitibu vipi. Akaambiwa kwamba hawana dawa ila kurejea nyumbani moja kwa moja, kujifungia katika chumba cha giza mpaka siku ya pili, na kuosha macho kwa maji ya uvuguvugu. Tangu siku ile akaanza kuwatazama vizuri ombaomba wa mjini, akagundua kuwa miongoni mwao walikuwamo vipofu waliopata kuifanya kazi hiyo. Mji ulikuwa umewatumia mpaka macho yao yakaisha, kisha ukawatupia sarafu njiani.

Kutokana na mazungumzo hayo ya kando ya shimo, Ramazzini alianza safari ya miaka mingi ya kuingia katika karakana na viwanda vidogo. Matunda yake yalikuwa kitabu kuhusu magonjwa ya wafanyakazi, kilichochapishwa Modena mwaka 1700. Ndani yake alieleza kazi zaidi ya 40, zikiwamo za wachimba madini, wafinyanzi waliotumia risasi kung'arishia vyungu, na watu waliookota na kuuza matambara makuukuu ya kutengenezea karatasi, ambao vumbi na uvundo wa mizigo yao uliwaletea kikohozi na pumu.

Katika kitabu hicho aliwausia matabibu wenzake mambo mawili. La kwanza, tabibu aingiapo katika nyumba ya maskini asimshike mgonjwa mkono kwa haraka na kuondoka, bali akae kitako, hata kama kiti chenyewe ni kigoda cha miguu mitatu, amsikilize. La pili, juu ya maswali yote ambayo matabibu wa kale walifundisha kumwuliza mgonjwa, liongezwe swali moja kuhusu kazi aifanyayo. Leo swali hilo linafundishwa katika vyuo vya uganga duniani kote.

Kwa matopasi alishauri wajifunike nyuso kwa vibofu vyembamba vinavyopenya nuru, wapunguze muda wa kukaa shimoni, na mwenye macho dhaifu atafute kazi nyingine. Ramazzini hakuijua sababu hasa ya upofu ule. Leo tunajua kuwa uchafu unaooza shimoni hutoa gesi ya haidrojeni salfaidi. Ikiwa kidogo huunguza macho. Ikiwa nyingi huua hisia ya pua, mtu akadhani harufu imekwisha na hatari imeondoka, kumbe ndiyo kwanza imefika, na huweza kuanguka na kufa papo hapo. Mara nyingi anayejitosa kumwokoa mwenzake bila ya vifaa naye hubaki humo humo.

Mwaka huo huo wa 1700 Ramazzini aliitwa kufundisha Padua. Mwaka 1713 alitoa kitabu chake upya, akiwa ameongeza kazi nyingine. Kwa wakati huo macho yake mwenyewe yalikuwa yamefifia, akawa anategemea macho ya wengine kusomewa. Hata hivyo hakuacha kufundisha mpaka alipofariki mwaka 1714, mwenye umri wa miaka 81.

Tumeyasimulia haya kwa sababu yanatuhusu. Sheria ya usalama na afya kazini ya Zanzibar ni ya mwaka 2005, na mwaka 2022 Shirika la Kazi Duniani liliyaingiza mazingira salama ya kazi katika haki za msingi za mfanyakazi. Lakini sheria haivai glovu, wala haivalishi mtu mabuti. Taka za masoko, maduka na mahoteli zinapokabidhiwa kwa wakandarasi, mkataba usihesabu idadi ya magari na bei ya tani peke yake. Uandike pia glovu na viatu imara, maji na sabuni ya kuogea baada ya kazi, chanjo ya pepopunda na ya homa ya ini, na marufuku ya mtu kuingia katika karo bila ya hewa yake kupimwa na bila ya mwenzake kumshikia kamba juu.

Atatokea wa kusema kuwa vitu hivyo ni ghali kwa visiwa vyenye fungu dogo. Sisi tunasema kuwa gharama hiyo haikwepeki, ila huhamishwa. Mwenye nyumba wa Modena alilipa ujira mdogo, na topasi akalipa salio kwa macho yake. Mkandarasi anayeshinda zabuni kwa kutonunua glovu naye anamwachia mtu mwingine salio lake, nalo hulipwa hospitalini na katika nyumba ya mzoa taka.

Wananchi nasi tunao wajibu. Chupa iliyovunjika ifungwe vizuri kabla ya kutupwa, na sindano isichanganywe na maganda ya mihogo, kwani mkono utakaolibeba fuko hilo ni mkono wa baba wa watoto.

Kwa viongozi wetu tunatoa ombi moja jepesi. Kabla ya kutia saini mkataba mwingine wa usafi, na waende jaani alfajiri, waketi juu ya chochote kitakachopatikana, wamwulize mzoa taka hali yake, kisha wamngoje mpaka amalize kujibu.