Lucia wa Sirakusa, Shahidi wa Kristo

Mji wa Sirakusa mwaujua kwa kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 28: ndipo Mtume Paulo alipokaa siku tatu alipokuwa akipelekwa Rumi. Katika mji huo aliishi Lucia, ambaye Kanisa humkumbuka tarehe 13 Desemba.

Jina lake latokana na neno la Kilatini, lux, maana yake nuru. Wapolandi humwita Łucja, Wakroatia Lucija, Walatvia Lūcija, Walituania Liucija.

Habari zake ziliandikwa muda mrefu baada ya kufa kwake, basi yatupasa kuzisoma kwa akili. Zasema kwamba baba yake alikufa angali mtoto, na mama yake, Eutychia, alipatwa na ugonjwa wa kutokwa na damu, kama yule mwanamke wa Injili. Mama alipopona, Lucia alimwomba asimwoze, bali mali iliyowekwa kwa ajili ya arusi wapewe maskini. Kwa Warumi mali ya arusi ilitoka kwao binti ikaenda kwa mume. Basi mchumba, alipoona inagawanywa, alikasirika akamshtaki kwa liwali kuwa ni Mkristo. Ndizo zilizokuwa siku za Kaisari Diocletian, aliyeanza kulitesa Kanisa mwaka 303. Lucia alitishwa kutiwa katika nyumba ya makahaba, lakini hakumkana Bwana wake. Akauawa kwa upanga, yasemekana mwaka 304.

Habari ya macho yake kung'olewa iliongezwa baadaye, nasi hatuitegemei. Lakini ya kuwa aliheshimiwa tangu zamani, hilo si hadithi. Mwaka 1894 lilionekana katika makaburi ya chini ya ardhi ya Sirakusa jiwe lenye maandishi ya Kiyunani, la miaka kama mia baada ya Lucia: la mwanamke Mkristo, Euskia, aliyekufa siku ya sikukuu yake.

Sisi Walutheri hatuwaombi watakatifu. Lakini Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika sehemu ya 21, lafundisha kwamba tuwakumbuke, ili imani yetu itiwe nguvu na tufuate mwendo wao. Nao ndugu zetu wa Uswidi huiadhimisha siku hiyo kwa mishumaa, wakati wa giza kuu la kwao.

Basi ninyi walimu, mzazi akichagua jina hili kwa ubatizo wa binti yake, mwelezeni maana yake. Na binti akikua, akashurutishwa kuolewa na mtu asiyemcha Mungu kwa sababu ya mali, msinyamaze. Simameni pamoja naye. Kuitwa nuru ni rahisi; kung'aa gizani kwahitaji neema ya Mungu na wenzi waaminifu.