Burkitt, tabibu wa jicho moja, na ramani iliyoiacha Kajiado nje

Uko ugonjwa wa watoto katika Afrika Mashariki unaoitwa kwa jina la mtu. Ni saratani inayovimbisha taya, ikalegeza meno ya mtoto, na pengine ikalisukuma jicho lake nje. Hukua kwa kasi ya kutisha, na asiyetibiwa hamalizi miezi mingi. Madaktari huiita limfoma ya Burkitt. Jina hilo wanalijua wengi, lakini mwenye jina wanamjua wachache. Aliuandama ugonjwa huo kwa kuuchorea ramani, na katika ramani hiyo uwanda wa Wamasai, kuanzia Kitengela kwenda Kajiado hadi Namanga, uliangukia nje ya mpaka. Miaka ya baadaye mtu huyo alileta nadharia nyingine, na safari hiyo Kajiado ndiyo iliyomtatiza. Basi, ndugu msomaji, tumtazame kwanza mtu mwenyewe.

Denis Parsons Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 karibu na mji wa Enniskillen, katika sehemu ambayo leo ni Ireland ya Kaskazini. Baba yake alikuwa mhandisi wa barabara, na kwa mapenzi yake mwenyewe alikuwa mchunguzi wa ndege. Aliwanasa ndege wadogo wa bustanini, akawavisha pete za madini miguuni, kisha akachora ramani ya mipaka ambayo kila ndege alijiwekea. Mwenye kutaka kujua mwana alijifunza wapi kazi yake na aanzie kwenye pete hizo.

Alipokuwa na umri wa miaka 11 jiwe lililorushwa na mtoto mwenzake lilivunja miwani yake, na jicho moja likapotea. Alikwenda Chuo cha Trinity mjini Dublin kusomea uhandisi kama baba yake, akaacha, akashika udaktari. Alikuwa Mkristo mshika dini sana, na aliamini kwamba ameitwa kufanya kazi Afrika. Ami yake, Roland Burkitt, alikuwa daktari wa upasuaji mjini Nairobi, tena mwenye sifa zake miongoni mwa walowezi. Lakini serikali ya kikoloni ilipopokea maombi ya kijana huyu ilimkataa kwa sababu ya jicho. Vita Vikuu vya Pili ndivyo vilivyomfungulia mlango: jeshi lilimchukua, likamleta Kenya na Somalia, na vita vilipokwisha akapata kazi Uganda mwaka 1946.

Kituo chake cha kwanza kilikuwa Lira, nchi ya Lango. Huko aliwapasua wanaume wengi wenye mabusha. Sisi watu wa pwani busha hatuhitaji kuelezwa. Mitaa mingine kila baraza lilikuwa na mzee wake. Ila Burkitt aliuliza swali ambalo wapasuaji wengi hawakujishughulisha nalo: wagonjwa hawa wanatoka wapi? Akagundua kuwa upande wa mashariki wa wilaya mabusha yalikuwa mengi mno, na upande wa magharibi yalikuwa nadra. Akachora ramani. Haikuwa kazi iliyompa jina, lakini ndiyo iliyomfundisha njia.

Mwaka 1957, akiwa Hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari mwenzake Hugh Trowell alimwita amtazame mtoto wa miaka mitano. Taya zake zilikuwa zimevimba pande zote mbili, juu na chini. Burkitt hakuweza kusema ni ugonjwa gani. Majuma machache baadaye alikuwa Jinja, na kupitia dirishani akamwona mtoto mwingine nje, ana uso ule ule. Alipompima akakuta na tumboni mna uvimbe. Mara moja ingeweza kuwa ajabu tu. Mara mbili ilimtia wasiwasi. Alirudi kwenye majalada ya hospitali, akakuta kwamba vivimbe ambavyo kila daktari aliviandika kwa jina lake, hiki cha taya, kile cha figo, kile cha jicho, vilikuwa ugonjwa mmoja. Mwaka 1958 aliuandika. Wachunguzi wa chembe za mwili pale Kampala wakabainisha baadaye kuwa asili yake ni chembe za kinga za damu.

Kisha akalileta swali lake la zamani: wanatoka wapi? Kwa pauni chache za msaada alichapisha karatasi zenye picha za wagonjwa, akazituma kwenye hospitali barani kote. Kila jibu lililokuja lilikuwa pini kwenye ramani ya ukutani. Mwezi Oktoba 1961 akanunua gari kuukuu la Ford kwa pauni 250, na pamoja na madaktari wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, akafunga safari ya majuma kumi na maili 10,000 kuelekea kusini mwa bara. Walisimama katika hospitali zaidi ya 50, mahali pote wakiuliza jambo moja na kuonyesha picha zile zile. Mimi huona kuwa gari lile lilifanya kazi kubwa kuliko maabara nyingi za wakati wake.

Mkanda ulijichora wenyewe. Ugonjwa ulikaa katika nchi za joto zenye mvua ya kutosha, kiasi cha inchi 20 kwa mwaka au zaidi. Karibu na ikweta haukupanda sana kupita futi 5,000, yaani mita 1,500. Hapa Kenya ulikuwa ugonjwa wa Nyanza, Magharibi na Pwani. Sasa tazama Kajiado. Mji wa Kajiado uko juu ya mita 1,700, na Kitengela nayo imepita mita 1,500. Sehemu zake za chini, mathalan Magadi, zina joto la tanuri lakini hazina mvua. Palipo na urefu panakosa joto. Palipo na joto panakosa maji.

Jibu jepesi lingekuwa kusema ni damu, kwamba kabila hili limekingwa na lile limelaaniwa. Burkitt na wenzake waliona jambo lililolivunja jibu hilo: watu wa nyanda za juu waliohamia bondeni waliupata ugonjwa kama wenyeji, tena aghalabu wakiwa na umri mkubwa kuliko watoto wa hapo. Kilichofanana na mkanda ule ni malaria. Unguja na Pemba, visiwa vya joto na mvua, vilistahili kujaa pini, lakini ugonjwa huo ulikuwa nadra huko, kwani kampeni ya kupiga dawa ya mbu ilikuwa imeipunguza malaria. Basi Mmasai wa Kajiado hakuokolewa na ukoo wake, bali na mahali alipolisha ng'ombe.

Maabara zilikuja nyuma ya ramani. Mwaka 1961 mtafiti Anthony Epstein alimsikiliza Burkitt akizungumza mjini London, akaomba vipande vya uvimbe, na mwaka 1964 yeye na wenzake wakaona virusi ndani ya chembe zake. Mwaka 1972, huko Sweden, wataalamu wawili, mume na mke, waligundua alama katika nyuzi za urithi za chembe hizo: kromosomu nambari 14 ilikuwa na kipande cha ziada. Baadaye ikajulikana kimetoka kwenye nambari 8, na mwaka 1982 kwamba kimebeba jeni iitwayo myc, ambayo huamrisha chembe kuzaana. Ikitoka mahali pake, amri haina kikomo. Mzazi na aelewe hapa: alama hiyo haitoki kwa baba wala kwa mama. Mtoto hazaliwi nayo. Hutokea baadaye katika chembe zinazohimizwa kuzaana na malaria na virusi. Dawa nazo zilionekana kufanya kazi mapema. Burkitt akiwa Kampala na Peter Clifford akiwa Nairobi walishuhudia vivimbe vikiyeyuka kwa siku chache, na baadhi ya watoto wakapona kabisa.

Burkitt aliondoka Uganda mwaka 1966, akaanza maisha ya pili mjini London. Aliona kwamba maradhi yaliyojaza hospitali za Uingereza, kama kidole tumbo, bawasiri, vijiwe vya nyongo, kisukari na saratani ya utumbo mpana, hakuyaona kwa wanakijiji wa Uganda ila kwa nadra. Sababu aliyoishika ni wishwa: Mzungu amekoboa nafaka yake, akatupa makapi na kula unga mweupe. Aliwamezesha watu vidonge vinavyoonekana kwa eksirei ili ajue chakula kinakaa tumboni saa ngapi, na kinyesi akakipima kwa mizani bila haya yoyote. Wanakijiji walimaliza kwa siku moja na nusu hivi, mabaharia wa Uingereza kwa siku tatu na zaidi. Kitabu chake cha mwaka 1979 kilisomwa sana na watu wa kawaida.

Hapa ndipo Kajiado ilipomsimamia njiani. Mmasai wa jadi aliishi kwa maziwa, nyama na damu. Wishwa ataitoa wapi? Tangu mwaka 1931 John Boyd Orr na Gilks walikuwa wameandika kuwa wanaume wa Kimasai waliwapita Wakikuyu kwa inchi tano na ratili 23, ingawa walitaja pia kufunga choo na maumivu ya viungo. Mwaka 1964 George Mann, Mmarekani, aliwapima wanaume 400 wa Kimasai, akakuta kolesteroli ndogo na dalili chache mno za ugonjwa wa moyo. Mwaka 1972 aliandika juu ya maiti 50 zilizopasuliwa: mishipa ilikuwa na mafuta kweli, lakini ilikuwa imepanuka. Huenda ni kutembea, huenda ni magome wanayochemshia supu. Kwa maoni yangu Burkitt aliipenda mno wishwa yake, na kwa Wamasai haikutosha.

Kitengela aliyoijua mfugaji wa siku zile imekuwa mji, na sensa ya 2019 ilikuta humo zaidi ya watu 150,000, waliotoka kila pembe ya Kenya. Huliwa sembe nyeupe, chapati na chipsi, na kisukari na shinikizo la damu si maradhi ya kigeni tena. Mtoto wa Kitengela hupelekwa likizo kwa bibi yake Homa Bay au Kilifi, akaumwa na mbu wa huko, akarudi. Taya yake ikivimba, kadi ya kliniki itaonyesha anwani ya Kajiado, wala haitaonyesha likizo.

Burkitt alifariki Uingereza tarehe 23 Machi 1993, akiwa na umri wa miaka 82.